Mwaka Niliohukumu Nchi Mbili

Nilikubali kwenda kuwaita watani zangu watoke msituni nikiwa nimeshiba. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi waliokosea mwaka ule wa vita vya Maji Maji walikuwa na njaa, na mwenye njaa Mungu humwangalia kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa nimekula wali, bata wa kuokwa na matunda ya kopo, nimekaa kwenye kiti chenye mgongo, na aliyeniuliza alinipa nafasi ya kufikiri mpaka kahawa iishe. Hakuweka bastola mezani wala hakunipandishia sauti. Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo, Bwana, nitakwenda," kisha nikaongeza kijiko cha sukari.

Mwezi uliopita Mwajuma wa ukoo wa Mtupa alifariki kule Umwe. Habari niliipata Kibiti kwa muuza samaki, si kwa mjumbe wa msiba, maana mimi siletewi wajumbe. Nilikwenda hivyo hivyo. Ukoo wa Mtupa na ukoo wetu ni watani tangu enzi za wazee ambao majina yao yamesahaulika, na kwa desturi yetu msiba wa mtani ni kazi ya mtani. Yeye ndiye anayechimba kaburi, anayegombea sanda, anayelala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kuku, anayechechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, hata wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtani humpaka mtani mwenzake majivu na hakuna anayekasirika. Huingia jikoni kwako akatoka na sufuria. Humtukana mama yako mbele yako, nawe unamtafutia tusi zuri zaidi. Siku ile nilikaa nyuma ya watu, juu ya gogo la mnazi, na kanzu yangu nyeupe. Vijana waliokuwa wakichimba walijua mimi ni nani. Mmoja alipita karibu yangu, majivu kiganjani, akaniangalia, akayamwaga chini, akajipangusa mkono. Kanzu ikarudi Kibiti nyeupe vilevile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka na nyumba ile ya Maparoni kichwani.

Nilikuwa nimetoka shule kubwa ya serikali kule Tanga, ninajua Kijerumani cha kuandika na cha kuzungumza, nikapata kazi ya ukarani na ukalimani katika nyumba ya msitu kwenye delta, pale mto unapoingia baharini, karibu na Maparoni. Ilikuwa nyumba ya mbao, imesimama juu ya nguzo kwa sababu maji yakijaa huingia mpaka chini ya sakafu. Ilikuwa na sebule moja, vyumba viwili na baraza, na kila kitu ndani kilinuka magome ya mkandaa, aina ya mkoko, yaliyoanikwa nje, harufu ya ngozi mbichi na chumvi. Mwenye nyumba alikuwa Mjerumani aliyesimamia ukataji wa mikoko. Watu walimwita Bwana Miti. Mgeni wake wa kudumu alikuwa Mwingereza wa Unguja, mnunuzi wa nguzo za kujengea, naye tukamwita Bwana Boriti. Bwana Miti hakujua Kiingereza, na Bwana Boriti hakujua Kijerumani, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, mmoja cha Unguja kilichonyooka, mwingine cha amri za kazini. Mimi nilikaa mwisho wa meza kuwasaidia pale maneno yalipowaishia. Ndiyo sababu nilikula nao. Walisema mkalimani akisimama mlangoni, chakula kinapoa wakimgeukia.

Walibishana jambo moja tu, mlo hata mlo: kati ya nchi zao mbili, ni wapi mtu wa kawaida anaishi vizuri zaidi. Bwana Boriti alianzia tumboni. Kwao, alisema, mpiga nyundo wa kiwandani anakula mkate mweupe na nyama na chai yenye sukari, na Jumamosi mchana kazi inasimama, mtu anakwenda kutazama mpira. Kwa Mjerumani kuna mkate mweusi mchachu ambao ukimrushia mbwa anadhani umempiga jiwe. Bwana Miti akajibu kwamba Waingereza wanapenda mkate laini kwa sababu hawana meno, na wanatazama mpira kwa sababu hawawezi kutazama nyumba zao, zilizopangana mgongo kwa mgongo bila ua, choo kimoja kwa mtaa. Bwana Boriti akauliza kama ni kweli Ujerumani mtu akihama nyumba lazima akajiandikishe polisi, maana hata mbuzi hafanyiwi hivyo. Ni kweli, akasema Bwana Miti, na kwa kuwa serikali inajua ulipo, ukiugua inajua pia pa kumpeleka daktari. Hapo ndipo alipoleta hoja yake kubwa, akiisema polepole ili nisikosee. Kwao fundi aliyefanya kazi maisha yake yote, akizeeka, serikali humlipa mpaka anakufa. Haombi kwa mwanawe wala kwa jirani. Kwa Mwingereza mzee asiye na kitu hupelekwa nyumba ya maskini, mume upande huu na mke upande ule, wakaonane kanisani. Bwana Boriti alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba Wajerumani wameweka umri wa kulipwa juu sana ili wazee wengi wafe njiani.

Kila hoja ilipokwisha walinigeukia. "Haya, kadhi, hukumu," alisema Bwana Boriti, na Bwana Miti alisukuma sahani kando kama mtu anayesubiri kweli. Kwao ulikuwa mchezo. Mimi sikuufanya mchezo. Nililala nikipima mkate kwa daktari, mpira kwa malipo ya uzee, na asubuhi nilikuwa na maswali: mjane je, analipwa? Mwanafunzi anakula shuleni? Nilizijua nchi zile mbili kuliko nilivyoujua mto uliokuwa ukipita chini yetu. Chini ya sakafu wakataji walikuwa wamezama topeni mpaka mapajani, ngozi za miguu zimeliwa na maji ya chumvi na magome, wengi wao watu walioletwa kwa nguvu. Siku moja Bwana Miti alikuwa akieleza nyumba ambazo maji ya moto hutoka ukutani kwa bomba, na huko chini mkataji mmoja akawa anaita avutwe, gogo limembana mguu. Alikuwa akiita kwa Kindengereko, anamwita mama yake. Bwana Boriti akaomba dirisha lifungwe, kwa sababu ya mbu. Niliyeinuka kulifunga ni mimi. Kisha nikauliza, maji hayo ya moto hulipwa kwa mwezi au kwa ndoo?

Vita vilipofika kwetu vilikuja kwanza kama uvumi kutoka milima ya Umatumbi, watu wanang'oa pamba ya serikali, wanapewa maji ya mganga yatakayogeuza risasi kuwa maji. Kisha vikaja kama moshi. Askari walipiga kambi Kibiti wakachoma vijiji vya barabarani, wakachoma hata madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambavyo watu wetu hulala bondeni wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Watu wa Umwe waliokunywa maji walivuka mto pale Ndundu, wakaingia misitu ya kusini na wazee na watoto wao. Wakataji wetu nao walitoroka. Boriti zikabaki hazijakatwa, na Bwana Miti akawa mtu wa kuzunguka barazani mikono nyuma.

Mkuu wa askari alikuja kula chakula cha mchana, na ndiyo siku ya yule bata. Alizungumza Kijerumani mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Alisema kuwasaka watu msituni kunamaliza risasi. Afadhali waitwe watoke wenyewe. Vijana watapewa kazi ya kukata mikoko, wanawake watabeba mizigo ya askari, na wale walioleta maji ya mganga, pamoja na wazee wao, watanyongwa Kibiti ili wengine waone. Bwana Miti alitikisa kichwa kukubali, akaomba kupitishiwa chumvi. Bwana Boriti akauliza wanasema nini. Bwana Miti akamweleza kwa Kiswahili: watu wataitwa watoke, watapewa kazi, vita vitaisha. Kunyongwa hakukutaja. Kazi yangu pale mezani ilikuwa kujaza maneno yanapopungua, na hayo yalipungua, na sikuyajaza.

Ndipo Bwana Miti aliponigeukia. Alijua, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia kwa kujisifu, kwamba watu wa Umwe ni watani zetu na kwamba hata vitani mtani hamwagi damu ya mtani. Ningeweza kuingia msituni nikiwa peke yangu na nikatoka mzima. Niwaambie watapewa chakula na watarudi mashambani kabla ya mvua. Nami nikiifanya kazi hiyo, ataniandikia kwao, kuna chuo kinachotafuta kijana wa kufundisha Kiswahili. Nitakaa katika mji mkuu. Nitakuwa na chumba changu. "Utaona mwenyewe, kadhi," alisema, "kama nilikudanganya."

Alasiri ile Bwana Boriti alinikuta barazani. Hakuwa ameelewa Kijerumani chao lakini alikuwa ameziona nyuso. Akaniambia nisiende. Mashua yake ilikuwa inarudi Unguja kesho yake. Kulikuwa na kazi ya ukarani, na baada ya mwaka mmoja au miwili angeweza kunichukua mpaka kwao. Hakuwa mtakatifu. Alitaka karani anayejua mikoko. Lakini mlango ulikuwa wazi, hata baada ya ile ndiyo yangu ya mezani, na mimi nikasimama nikiupima kama nilivyopima kila kitu mezani. Nikazilinganisha nchi mbili kwa yote niliyosikia, kwa uaminifu kabisa, nikaona ile inayomlipa mzee asiye na nguvu ndiyo yenye utu zaidi. Nikajiambia kwamba watu wanaomkumbuka mzee hawawezi kuwafanyia wazee wa Umwe yale niliyoyasikia; ulikuwa ukali wa mdomo wa askari. Nilijidanganya kwa hoja nzuri. Bwana Boriti aliondoka na maji ya alfajiri.

Nilipanda mto kwa mtumbwi mpaka Ndundu, nikateremka ng'ambo, nikatembea nikiimba wimbo wa matusi ambao koo zetu huimbiana, ili wajue ni nani. Mtupa alitoka kichakani na mkuki. Tulikuwa rika moja, tulitahiriwa mwaka mmoja, na ukoo wake ulinidai tusi tangu harusi ya dada yangu. Alikuwa amekonda hata masikio yake yakaonekana makubwa. Nyuma yake walikaa watu, wengi kuliko nilivyotazamia, wakizunguka vyungu vya ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Lazima kilowekwe katika maji yanayotembea siku nyingi, na mwenye njaa hangoji. Pembeni kulikuwa na makaburi mafupi.

Mtupa alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Mtani, umenenepa. Wanakulisha nini huko?"

"Bata," nikasema.

"Sisi tuna ndiga. Karibu, tumekuwekea maganda."

Wakacheka, nami nikatoa ujumbe kama nilivyoagizwa: chakula, mashamba, kabla ya mvua. Kicheko kikaisha. Wazee waliinamisha vichwa, na mama mmoja akauliza kama nimeyasikia hayo kwa masikio yangu. Nikasema nimeyasikia. Mtupa alikuwa akiniangalia. Uso wake ulikuwa wa utani lakini mkuki alikuwa ameushika vizuri. "Au umekuja kutuuza, mwana wee?" akauliza.

Hapa ndipo pa kuulizwa mimi, siku nitakayoulizwa. Nilisema, "Nimekuja kuwauza. Mkivuka mtanyongwa, wewe wa kwanza, na kuku wako nitakula mimi."

Msitu mzima ulicheka. Mwajuma, mdogo wake Mtupa, msichana wa miaka kama kumi na minne, alicheka mpaka akakaa chini na kushika tumbo. Wazee walifuta macho. Mtupa alinipaka majivu ya jiko usoni, akaweka mkuki chini. Na mimi nilijua watacheka. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mtani mwenye nia mbaya huja na maneno matamu. Akija na matusi, moyo wake ni safi. Nilikuwa nimewaambia kweli yote kwa njia pekee ambayo wasingeiamini, na nilifanya hivyo ili baadaye niweze kujiambia kwamba niliwaambia. Kwa miaka mingi nimejiambia. Haijanisaidia.

Walivuka siku iliyofuata, mtumbwi baada ya mtumbwi, wanawake wakiwa na vyungu kichwani na wengine na mbegu za mpunga walizokuwa wamezifunga kwenye vitambaa, hawakuzila hata katika njaa ile. Mpaka Kibiti Mtupa alinitania njia nzima, akidai nimlipe mke kwa usumbufu. Kwenye kambi askari walifungua ua wakawaingiza. Mbegu zilichukuliwa kwanza. Zilipikwa jioni ile ile kwenye sufuria za askari, na watu wetu walisikia harufu. Vijana walifungwa mnyororo shingoni. Wanawake waligawiwa mizigo. Hakuna aliyepewa chakula siku ile wala iliyofuata, na waliokuwa dhaifu walianza kufia uani, watoto kwanza.

Mti wa kunyongea ulikuwa umejengwa kwa nguzo mbili na mti wa kukingama juu. Zilikuwa boriti zetu. Nilizitambua kwa alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mwenyewe. Niliamriwa nisimame pale nifasiri hukumu, kwa hiyo nilikuwa karibu. Wazee watatu walitangulia. Mtupa alipofikishwa chini ya kamba alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mtani," akasema, "yule kuku mwekundu usimle. Ni mgumu."

Mtani akitaniwa lazima ajibu. Hata mgonjwa hujibu, hata bibi harusi. Alikuwa akinisubiri, nina hakika alikuwa akinisubiri, na mkuu wa askari naye alikuwa akinisubiri nifasiri alichosema mtu huyu. Sikumjibu Mtupa. Nilimgeukia mkuu nikamwambia kwa Kijerumani kwamba ni jambo la kuku tu.

Mwajuma alikuwa miongoni mwa wanawake waliopangwa kutazama, tayari na mzigo kichwani. Walipokuwa wakipelekwa alipita mbele yangu. Hakulia na hakunitukana. Alisema, kama mtu anayegundua jambo dogo, "Kumbe ulisema kweli."

Nilirudi Maparoni. Kiti changu kilikuwa pale pale. Vijana wa Umwe waliletwa kukata mikoko, mnyororo ukiwa shingoni, na mashua ya Bwana Boriti ikarudi kupakia. Aliuliza wakataji wapya wametoka wapi. Bwana Miti akamjibu kuwa ni watu waliojisalimisha. Bwana Boriti akasema boriti za safari hii zimenyooka vizuri. Jioni walianza tena, safari hii juu ya hospitali, na mtoto wa maskini akivunjika mguu Hamburg na mwingine akivunjika Liverpool, nani atatembea mapema. Dirisha lilikuwa limefungwa tayari. "Haya, kadhi," wakasema, nami nikahukumu. Sikumbuki nilimpa nani ushindi. Nakumbuka kulikuwa na samaki wa kukaanga na kwamba nilirudia.

Bwana Miti aliondoka kwenda kwao likizo masika yalipoanza. Alinishika mkono, akasema nikae tayari. Nilishona suruali mbili za kitambaa kizito kwa ajili ya baridi ya huko, nikangoja masika yote, na kiangazi, na masika mengine, huku bonde likiwa halijalimwa kwa sababu hapakuwa na mbegu na watu wakila ndiga bila kuiloweka. Akaja bwana mwingine asiyenijua. Suruali zile nilizivaa shambani. Ujerumani sikuiona, Uingereza sikuiona. Wao ndio walioendelea kuja, mmoja baada ya mwingine, nami nimekuwa chini ya bendera zote mbili hapa hapa Kibiti. Wajukuu zangu wanaosoma huniuliza, Babu, wewe umewajua wote, nani afadhali? Majibu ninayo. Ninajua mkate, ninajua bomba, ninajua Jumamosi mchana na malipo ya uzee. Huwaambia waende wakachote maji.

Mwaka uliofuata vita mtoto wangu wa kwanza alifariki, hajafikisha arubaini. Nilituma habari Umwe, kama desturi inavyotaka. Mjumbe alirudi peke yake. Alisema amewakuta, wamemkaribisha, wamempa maji ya kunywa, wamemsikiliza, na wamesema pole. Basi. Watu wageni ndio wanaosema pole. Nilichimba kaburi mwenyewe. Nilimzika mama yangu hivyo, na mke wangu hivyo, na kila mara nilituma mtu Umwe, na kila mara ilikuja pole. Mwajuma aliishi muda mrefu kuliko wote waliovuka siku ile. Alirudi kutoka kwenye mizigo ile, akaolewa, akazaa, na nilipokutana naye njiani aliniamkia vizuri, kwa heshima, kama anavyoamkiwa mgeni. Ningetoa shamba langu anitukane mara moja.

Uamuzi ule uliwagharimu Mtupa na wazee watatu roho zao, na watu wengi zaidi waliokufa na njaa ndani ya ule ua na nje yake. Mimi ulinigharimu watani. Nitakapokufa watu wataniosha, wataniswalia, watanifukia na kuondoka. Hakuna atakayelala mlangoni. Hakuna atakayeiga mwendo wangu. Hakuna atakayecheka.